Nyayo za Nakiete

Mkataa suluhu hulipa hata nyayo. Mmemsikia shangazi yenu akimwambia baba yenu mdogo maneno hayo asubuhi hii, naye baba yenu mdogo akaikunja ile barua ya mahakama aliyokuwa akiipunga hewani. Sasa mnaniuliza nyayo hulipwaje. Endeleeni kuosha tangawizi, nami nitawaeleza. Methali hii haikuletwa na wahenga wa zamani sana. Ilianza mimi nikiwa mtu mzima mwenye mke, na aliyeisema mara ya kwanza nilimjua kwa sura na kwa jina.

Wakati huo nilikuwa tarishi wa mahakama ya mwanzo, kule chini tambarare. Kazi yangu ilikuwa kupanda milima hii na hati za wito mfukoni, kumkabidhi mtu karatasi yake, kumwambia tarehe, kisha kushuka. Siku ambazo sikuwa na safari nilifagia ukumbi wa mahakama na kuita majina ya watu mlangoni.

Huku juu, karibu na msitu, aliishi bwana mmoja aitwaye Kajiru. Hakuwa mtu wa kunyooshewa kidole. Alikuwa na kahawa nyingi, alisali, alichangia misiba. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja: neno likishamtoka kinywani hakuweza kulirudisha, hata alipoona mwenyewe kuwa limepotoka.

Chini ya shamba lake aliishi mjane aitwaye Nakiete. Watu wake walikuwa wamezikwa upande wa pili wa kahawa ile ya Kajiru: mumewe, na watoto wawili waliochukuliwa na surua katika mwezi mmoja. Njia nyembamba ilikatiza katikati ya kahawa hadi makaburini, nayo ilikuwapo kabla ya kahawa yenyewe. Kila juma Nakiete alipita hapo na jembe lake kwenda kupalilia makaburi. Mwaka mmoja Kajiru akaongeza miche, akaona njia ile inamlia nafasi, akaifunga kwa ua wa miiba. Tangu hapo aliyetaka kufika makaburini ilimlazimu kuzunguka ukingoni mwa korongo, mahali ambapo hata mbuzi husimama kwanza akafikiri.

Nakiete alilipeleka jambo hilo kwenye baraza la wazee. Mkononi alishika jani la isale, ambalo huku kwetu ukimpa mtu umemwomba amani, na si rahisi mtu kulikataa.

"Baba Kajiru," akasema, "sikuombi shamba. Niachie upana wa mtu aliyejitwika kuni. Miche itakayoondoka nitakupandia mingine mahali utakapotaka, kwa mikono yangu mwenyewe."

Wazee wakasema maneno hayo ni mazuri. Nadhani hata Kajiru aliyaona mazuri. Lakini siku chache kabla yake alikuwa amejigamba sokoni kwamba ua ule hautang'olewa yeye akiwa hai. Akalipokea lile jani, akalitazama, akaliachia lidondoke chini.

"Nenda mahakamani," akamwambia. "Huko ndiko tutakakojuana."

Basi Nakiete akaenda. Nauli hakuwa nayo, na gari lenyewe lilipita mara moja tu kwa juma. Aliamka jogoo wa kwanza akashuka kwa miguu, akafika saa nne na udongo mwekundu hadi kwenye vifundo. Mguu wake wa kulia haukuwa na kidole cha mwisho. Kilikatwa na jembe zamani. Najua hayo kwa sababu alama za miguu yake zilibaki kwenye saruji ya ukumbi, na mimi ndiye niliyekuwa nikizifuta.

Siku ya kwanza niliita, "Nakiete!" Akajibu, "Nipo." Nikaita, "Kajiru!" Kimya. Kisha ikaletwa barua: Kajiru anaumwa tumbo. Kesi ikaahirishwa. Mara ya pili barua ikasema amefiwa na mjomba. Mara ya tatu akaandika kwamba hakupata wito wowote, ilhali niliutia mkononi mwake na akaniambia asante. Mara nyingine shahidi wake amesafiri kwenda Tanga. Mara nyingine mvua. Hakimu tuliyekuwa naye alikuwa mzee mpole anayesubiri kustaafu, aliamini kila kilichoandikwa. "Atakuja tu," alikuwa akisema, kisha anapanga tarehe nyingine.

Nakiete hakugomba. Aliketi kidogo kwenye benchi, kisha akaniuliza, "Baba, nimeambiwa nini?"

"Umeambiwa urudi, mama."

"Haya."

Miguu yake haikuweza kupanda mlima siku hiyohiyo. Alilala kwa ndugu yake mmoja jirani na mahakama, ndipo kesho yake akapanda pole pole.

Haya yanayofuata, mengine alinisimulia Kajiru mwenyewe, na mengine niliyaona.

Siku ile ya kwanza kesi ilipoahirishwa, saa tano hivi, Kajiru alikuwa amekaa barazani kwake akisuka kikapu cha kuchumia kahawa. Jua lilikuwa likiwaka. Ghafla ukungu ukashuka kutoka msituni, ukaufunika uwanja wa nyumba. Ndani ya ukungu akasikia miguu inapanda mteremko. Ilikuwa miguu mitupu, miguu iliyochoka, ya mtu anayeweka wayo wote chini kila hatua. Mbwa wake akainuka, hakubweka, akasogea pembeni kama mbwa anavyompisha mtu anayemfahamu. Mkewe, Nambike, naye aliisikia akiwa jikoni, akasema kwa mazoea, "Karibu, mama."

Hakuna aliyejibu. Ukungu ukainuka. Pale mwanzo wa uwanja, karibu na migomba, palikuwa na nyayo zilizoingia na kusimama, zimeelekea nyumba. Zilizorudi hazikuwapo. Wayo wa kulia ulikuwa na vidole vinne.

Kajiru akakasirika. Akadhani Nakiete amekuja kumchokoza, akamtuma Nambike amfuate. Nambike akaukuta mlango wa mjane umefungwa kwa kamba. Jirani akamwambia, "Mwenyewe yuko mahakamani tangu alfajiri. Atalala hukohuko."

Nambike akachukua ufagio akazifagia zile nyayo. Jioni zilikuwapo. Kajiru akachukua jembe akapalima mahali pale, akasawazisha. Asubuhi nyayo zilikuwa juu ya udongo ule mpya, zimekaa vizuri kama zimekanyagwa kwenye udongo wa mfinyanzi.

Kesi ilipoahirishwa mara ya pili, saa ileile, ukungu uleule. Safari hii nyayo zikaja mstari wa pili, ubavuni mwa ule wa kwanza, zikasimama hatua moja karibu zaidi na mlango.

Mtaniuliza kwa nini hakufungua njia. Nambike alimuuliza hivyohivyo, si mara moja.

"Mume wangu, mwite yule mama mkae. Hiki kitu si cha kawaida."

"Nikifungua leo, watu watasema nimetishwa na mjane."

"Na wakisema?"

 Ukweli ni kwamba sasa Kajiru aliogopa. Mwanzoni alikwepa mahakama kwa kiburi. Baadaye aliikwepa kwa sababu hakuweza kufikiri kukaa benchi moja na mtu ambaye miguu yake aliijua kuliko uso wake. Akaendelea kuandika barua. Na kila barua iliposomwa kule chini, huku juu ukungu ulishuka na mstari mwingine ukaongezeka.

Kuku wakaacha kudonoa pale uwanjani, walizunguka nyuma. Nambike akahamishia mapishi yake nyuma ya nyumba. Wageni waliofika mara moja hawakufika mara ya pili, wala hawakusema sababu. Kajiru akawa anaingia na kutoka nyumbani mwake kwa mlango wa uani, kama mtu anayedaiwa.

Hakimu wetu mzee akastaafu. Akaletwa mwingine, Hakimu Mwaisaka, mtu wa Mbeya, msemaji wa maneno machache. Akaomba jalada la kesi ile. Maji ya mvua yalikuwa yamevuja juu ya kabati, wino umetawanyika, tarehe nyingi hazisomeki. Akalisoma hivyohivyo, kisha akaahirisha kesi mara moja ya mwisho ili mdaiwa apate wito mwingine. Siku hiyo pia Nakiete alikuwa amekuja, na alikuwa amevimba miguu.

Kesho yake asubuhi Hakimu akaniita. "Eliewaha, mpelekee huyu bwana wito. Mwambie hivi kwa mdomo wako: asipokuja, nitasikiliza bila yeye."

Nilipotoka nilipita kwa ndugu yake Nakiete kumjulia hali. Nilimkuta amelala, miguu imelowekwa kwenye maji ya chumvi. Shikeni hapo: nilimwacha amelala, kule chini.

Nilifika kwa Kajiru saa tisa. Jua lilikuwa likiwaka. Nikapiga hodi kutoka mbali.

"Pita pembeni!" sauti ikatoka ndani. "Usikanyage hapo!"

Nikatazama chini. Wajukuu zangu, nimekwenda kwenye nyumba nyingi kwa kazi ile. Nimefukuzwa na mbwa, nimetishwa kwa panga. Sijawahi kuogopa kama siku hiyo. Uwanja mzima ulikuwa umejaa nyayo, mstari baada ya mstari, zote zimeelekea mlangoni, kama watu waliopanga foleni wanasubiri kuitwa. Kila mstari ulikuwa mbele kidogo ya mwenzake. Mstari wa mwisho ulikuwa umefika kizingitini, vidole vyake vimegusa ubao wa mlango. Udongo wake ulikuwa bado mbichi, ingawa ukungu ulikuwa umeshuka tangu jana yake. Miguu ile niliifahamu. Nilikuwa nimeifuta kwenye saruji jana yake.

Kajiru alifungua mlango nusu. Alikuwa amekonda mpaka shingo.

"Unaziona?" akaniuliza.

"Naziona."

"Basi sijawa kichaa." Akanyoosha kidole kizingitini. "Eliewaha, zikija tena zitasimama wapi? Hapo nje hapakubaki mahali. Pamebaki humu ndani."

 Nikampa karatasi, nikamwambia maneno ya Hakimu. Akatia sahihi, nami nikashuka mlima bila kugeuka nyuma.

Siku ya kesi Kajiru alifika kabla sijafungua mlango wa mahakama. Nakiete alifika saa nne kama kawaida yake. Akaketi kwenye benchi lilelile. Kajiru hakumtazama usoni. Nilimwona anatazama miguu yake.

Kesi yenyewe haikuwa ndefu. Wazee wawili wa huku juu wakasema njia ile waliikuta tangu enzi za babu yake Kajiru. Kajiru alipopewa nafasi hakuwa na shahidi wa Tanga wala wa popote. Wazee wa baraza waliokaa na Hakimu wakakubaliana, naye akaamua: ua uondolewe, njia ifunguliwe. Kajiru akainamisha kichwa. Nilidhani ameumia, lakini alipumua kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Bado gharama," akasema Hakimu Mwaisaka.

Kajiru akainua kichwa. "Gharama zipi, mheshimiwa? Huyu mama hakukodi gari. Alitembea. Au siku hizi hata nyayo hulipwa?"

Wako waliocheka nyuma. Hakimu hakucheka.

"Kushindwa kesi si kosa," akasema. "Mtu ana haki ya kuja hapa akashindana, na akishindwa akaenda zake. Lakini wewe hukuja kushindana. Uliombwa amani ukaikataa, ukamwambia mwenzako aje huku, kisha wewe hukuja. Kila barua uliyoandika ilimshusha mlima na kumpandisha bure. Hiyo ndiyo gharama ninayosema. Nitahesabu kila safari kama kibarua cha siku mbili, kwa maana siku moja alishuka na siku moja alipanda." Akamgeukia Nakiete. "Mama, umekuja bure mara ngapi? Jalada limelowa, halinisaidii."

Nakiete akafikiri. "Sikuhesabu, baba. Nilikuwa naitwa, nakuja."

"Kadiria."

"Andika sita. Sitaki kumwonea mtu."

Hakimu akachukua kalamu. "Sita," akasema, akaanza kuandika.

Nilikuwa nimesimama mlangoni, nikamwona Kajiru. Mwanzo uso wake ulilegea, maana sita ni nafuu. Kisha nikaona wazo jingine linamwingia.  Akasimama bila kuruhusiwa.

"Si sita," akasema.

Hakimu akainua macho. "Unasemaje?"

"Si sita, mheshimiwa. Ni kumi na moja."

Watu wakanyoosha shingo kumwona.

"Wewe hukufika hapa hata siku moja," akasema Hakimu taratibu. "Umejuaje?"

"Nimezihesabu. Ziko kwangu." Akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili. "Andika kumi na moja. Nakuomba. Nikilipa sita, zile tano atazilipa nani?"

 Sijui kama Hakimu alielewa, ila hakuuliza tena. Alifuta, akaandika upya. Nakiete alikuwa ameweka mkono mdomoni. 

Kajiru aliuza mtamba wake juma lilelile akalipa chote, Nakiete akaweka dole gumba kwenye stakabadhi. Jumamosi iliyofuata nikatumwa kushuhudia njia ikifunguliwa. Kajiru hakutaka msaada. Aling'oa ua ule peke yake, mikono ikachanika kwa miiba, hakusimama hata kufuta damu. Nambike alikuwa amesimama kando na mbwa.

Nakiete akapanda na jembe lake begani. Ili kuipata njia ilimbidi apite kwenye uwanja wa Kajiru. Alipofika penye migomba akasimama. Nyayo zilikuwapo bado, mistari yote kumi na moja, hadi mlangoni. Hakuwa amewahi kuziona.

Akashusha jembe. Akauweka mguu wake wa kulia kando ya wayo wa kwanza, akalinganisha.

"Hizi ni zangu," akasema kwa sauti ndogo.

"Ni zako, mama," akasema Kajiru. "Nimezilipa zote. Lakini haziondoki. Sijui nifanye nini tena." Kisha, kwa mara ya kwanza tangu ugomvi ule uanze, akamwambia, "Pole, mama. Pole kwa safari."

Nakiete alizitazama zile nyayo kama mtu anayetazama nguo aliyoivaa siku za ugonjwa.

"Nilikuwa nachoka sana, baba," akasema. Ni hilo tu. Akachukua jembe lake, akaishika njia.

Ukungu ukashuka. Ulikuwa mwepesi, wa kitambo kidogo, lakini ulitufunika sote. Ndani yake tukasikia miguu mitupu inaondoka, mingi, pole pole, kama watu wanaotoka mazikoni wasiotaka kuongea. Ilipita karibu yangu kiasi cha kuhisi baridi kwenye mapaja. Nambike akanishika mkono. Ukungu ulipoinuka uwanja ulikuwa mtupu. Udongo wake mwekundu ulikuwa laini, hauna alama hata moja, kama uwanja wa nyumba ambayo haijawahi kuwa na mgeni. Kule makaburini tulisikia jembe linaanza kulima.

Kajiru aliishi miaka mingi baada ya hapo, na Nakiete pia, na njia ile mnaipita mkienda shule. Watu waliposikia kwamba fulani na fulani wanagombania mpaka au mfereji, walimwita Kajiru akae nao kabla hawajashuka mahakamani. Hakuwa mhubiri. Aliwaacha waseme yote, wapigiane kelele, wachoke. Mmoja akishikilia kukataa, Kajiru alimwambia maneno matano tu, polepole, na alipoyasema alikuwa haangalii watu, anaangalia mlango:

"Mkataa suluhu hulipa hata nyayo."